Mwonjaji wa Mama Soda

Mama Soda alibadilisha kilemba mara tatu asubuhi ile na bado hakuridhika. Cha kijani kilikuwa cha sherehe. Cha bluu kilimfanya afanane na mtu anayekwenda kuomba mkopo. Mwishowe akajifunga cheusi, kile cha misibani, akajiambia kwamba kama kuna msiba uliowahi kuingia nyumba hii basi ni huu, ila tu huu hauna turubai wala hakuna anayekuja kukupa pole.

Barua ya kituo cha tiba ilikuwa na mistari miwili. Kikao cha familia, saa nne asubuhi. Mzazi wa mgonjwa afike bila kukosa. Ni hilo neno "mgonjwa" lililomkereketa. Binti yake hakuwa mgonjwa, alikuwa mlevi, na tofauti yake yeye aliijua vizuri: mgonjwa unamtangaza ili watu waje kumwona na machungwa, mlevi unamficha. Majirani aliwaambia kuwa binti yuko kwenye semina ya kazi. Wiki tatu? Ndiyo, semina ndefu. Majirani waliitikia kwa vichwa bila kuuliza zaidi, kwa sababu mwaka ule mtaa mzima ulikuwa na semina. Mtoto wa seremala alikuwa semina. Mume wa mwalimu mkuu alirudi kutoka semina akakaa nyumbani siku tisa, akarudishwa semina.

Jina la Mama Soda hakupewa na wazazi wake. Alikuwa na stoo ya soda kwenye kona ya mtaa, kreti zimepangwa hadi darini, na wenye vioski wote wa jirani walichukua mzigo kwake. Lakini jina lilitokana zaidi na harusi. Wahudumu wakianza tu kupita na chupa, yeye huinua mkono kabla hajaulizwa na kusema kwa sauti ya kufika meza ya tatu: "Mimi soda, mwanangu. Tangu nizaliwe tone la pombe halijapita koo hili." Na ni kweli kabisa, halikupita. Tusimpokonye haki yake.

Alikuwa pia mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kilichopiga vita vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vinavyouzwa vioskini sambamba na sabuni na viberiti, kifuko kimoja kikitosha kumlaza dume zima. Siku moja alisimama mbele ya kioski na kipaza sauti, akapaza, "Mnaua watoto wetu! Nani anampa mtoto sumu kwa mkono wake?" mpaka mwenye kioski akafunga dirisha na kutokea mlango wa nyuma. Watu walimpigia makofi. Alirudi nyumbani akiwa na furaha, na akala akashiba.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha nguo, mstari wa kola. Kola haitaki mchezo. Ukikosea mshono kidogo tu, shati zima linakaa upande kama limenuna. Kwa miaka minane binti alishona kola mamia kwa siku, na msimamizi alikuwa akiwaleta wageni wasimame nyuma yake waone mikono inavyokwenda. Kisha asubuhi moja sindano ya cherehani ya umeme ikapita katikati ya kidole chake cha shahada, naye akakitazama kile kidole kama cha mtu mwingine. Hakupiga hata kelele. Wenzake walipomkimbilia wakaipiga teke chupa yake ya chai kwa bahati mbaya, na kilichomwagika sakafuni hakikuwa chai.

"Usidhani ni wa kwanza, mama," nesi wa kiwanda alimwambia Mama Soda alipokwenda kumchukua. "Mstari huu mmoja tu, huyu ni wa sita mwaka huu. Wengine wanaanza na dawa ya kikohozi ili wamalize zamu. Wengine vidonge. Huyu wako macho yake yamekuwa ya manjano muda mrefu, hamkuona?"

Hawakuona. Au waliona wakasema ni uchovu. Hospitali walisema ini limevimba, na daktari hakupamba maneno. Akirudia, alisema, msihangaike kumleta kwangu, maana sitakuwa na la kumfanyia.

Kwa hiyo kikao cha leo hakikuwa cha kunywa chai. Leo ndipo ingeamuliwa binti akitoka aende kukaa wapi: kwa mume wake, au kwa mama yake. Popote ambapo angeenda, mtoto wake wa kike, mwenye miaka saba, angekwenda naye. Mama Soda alikuwa ameshaandaa chumba. Alikuwa ameshanunua hata shuka za maua, mbili, moja ya mkubwa na moja ya mdogo.

Kuhusu upande wa mume Mama Soda alikuwa na la kusema, na alikuwa amelisema kwa miaka. Mume alikuwa fundi bomba, mtu mrefu, mpole, ambaye kucha zake hazikuwahi kutakata hata siku ya harusi. "Yule fundi bomba ndiye aliyemharibu mwanangu," Mama Soda aliwaambia kikundi, akamwambia daktari, akamwambia yule muuza mkaa ambaye hakuwa ameuliza. "Mimi nilimkabidhi msichana asiyejua hata harufu ya pombe. Tazama alichonirudishia."

Mjomba, yaani mdogo wake Mama Soda, alikuja kumchukua saa tatu. Alikuwa amevaa koti na kutafuna peremende. Mjomba hutafuna peremende tangu anapoamka mpaka anapolala, na katika familia nzima hakuna mtu aliyewahi kuuliza kwa nini mtu mzima anapenda peremende kiasi hicho.

"Leo lazima tumbane," alisema Mjomba. "Mtoto haondoki na yule bwana. Mimi nitaongea, dada, wewe lia tu kidogo."

"Silii mbele ya watu."

"Basi pangusa macho. Inatosha."

Kituo kilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua mpana na kamba za nguo. Mama Soda alikuwa ametegemea kuona wahuni. Akaona bibi wa rika lake akimenya viazi, akaona kijana aliyekuwa karani wa benki, kwa maana alikuwa bado anavaa tai, akaona mwanamke aliyemfundisha binti yake hesabu sekondari. Yule mwalimu alimtambua. Walisalimiana kwa kupepesa macho tu, na kila mmoja akageukia upande wake haraka.

Wakaambiwa wasubiri kwenye benchi. Fundi bomba alikuwa ameshafika. Alisimama, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Mama Soda aliitikia huku akitazama ukutani, na ukutani ndipo palipokuwa na bango. Dalili za mtu aliyeacha pombe ghafla, liliandikwa kwa herufi kubwa. Kutetemeka. Kutokwa na jasho. Kukosa hamu ya kula. Kulia bila sababu. Alilisoma mara mbili. Kisha akahamia mwisho wa benchi na kulipa bango mgongo, lakini alikuwa ameshalisoma.

Miaka ishirini na nane nyuma, Mama Soda hakuwa Mama Soda. Alikuwa mwanamke kijana aliyeachwa na mume aliyesema anakwenda kutafuta kazi, na mpaka leo bado anaitafuta. Alikuwa na mtoto wa miaka sita, chumba kimoja chenye ua nyuma, na ujuzi mmoja aliofundishwa na shangazi yake: kukeneka pombe, yaani kuichemsha na kuuvuna mvuke wake. Pipa, bomba la shaba, ndoo ya maji baridi, na subira. Alijulikana kwa pombe safi. Walikuja makarani, walikuja walimu, walikuja hata polisi, ambao walikuwa na adabu ya kuvua kofia kwanza.

Ukali wa pombe aliupima kwa moto. Unamimina kidogo kijikoni, unawasha kiberiti, ikiwaka buluu imekubali. Lakini moto haujui ladha. Moto hauwezi kukuambia kama pipa limeungua chini au bomba limeanza kutoa kutu, na mteja akitema mara moja harudi tena. Ilitakiwa kuonjwa. Naye alikuwa amemwapia mama yake mzazi, mwanamke aliyemwokota mumewe mtaroni mpaka siku alipomwokota maiti, kwamba kitu hiki hakitapita kooni mwake maisha. Kiapo alikishika. Akamwita mtoto.

Kidole tu, mwanzoni. Mtoto anachovya, anaweka ulimini, anafumba macho. "Bado, mama." Au, "Hii imeungua." Au, "Tayari." Hakukosea hata siku moja. Mama alimpa jina, Kipimo. Wateja wakasikia habari zake wakataka kumwona kwa macho, na kwa kuwa kidole hakionekani vizuri ukiwa umekaa mbali, kidole kikawa kijiko, na kijiko kikawa kifuniko cha chupa kilichojaa. Watu wazima walicheka, wakamtupia peremende. Mama alicheka nao.

Mwalimu wa darasa la pili aliwahi kuja nyumbani kusema kwamba mtoto analala darasani kila siku baada ya mapumziko. "Anachota maji mengi, mwalimu," alijibiwa. "Nitampunguzia." Hakupunguziwa kitu. Mwalimu mwenyewe aliondoka na chupa mbili chini ya madaftari, kwa hiyo huenda naye hakuwa na haraka ya kuuliza zaidi.

Ilikwenda hivyo miaka mitano. Ilikoma pale mwashi mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alipokunywa pombe ya mpishi mwingine na kuamka haoni. Haikuwa ya kwake, lakini hofu ilimshika. Alimwaga kila kitu, akaondoa bomba, akahama kabisa, akaanza maisha mtaa mpya na kreti mbili za soda. Mtaa mpya haukujua lolote. Wiki ile ile ya kuhama mtoto akaugua. Alitetemeka, alilowa jasho, alikataa chakula, alilia na hakuweza kusema analilia nini. Mama aliwaambia majirani ni malaria. Na yeye mwenyewe akaamua kuamini, akaamini kwa miaka ishirini na tatu, mpaka asubuhi ile benchini.

Aibu ni kitu cha ajabu. Wengine huwapanda usoni. Kwake iliingia masikioni: walipoitwa ndani hakusikia, ikabidi Mjomba amshike mkono.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia kwa uzi shingoni, mbele yake faili na kalamu ya wino. Binti alikuwa ameshaketi. Alikuwa amenenepa kidogo, na manjano ya macho yalikuwa yamepungua. Kidole cha shahada kilikuwa na kovu jeusi la mviringo. Alimwamkia mama yake, akamwamkia mjomba wake, kisha akamtazama mumewe na kuuliza, "Mtoto kala?"

"Kala. Kakupa barua, ninayo mfukoni."

"Karibuni," mshauri alisema. "Hapa hatutafuti mwenye makosa. Tunatafuta njia."

"Mwenye makosa tunaye tayari," alisema Mjomba, na kumwonyesha fundi bomba kwa kidevu. "Muulize huyo. Muulize kama hakuwahi kumfungia mke wake ndani kwa kufuli siku mbili nzima, kama mbuzi!"

Fundi bomba alijikuna kiganja. "Nilimfungia," alisema. "Ni kweli. Nilikuwa sijui tena la kufanya. Nilikosea."

"Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba," mshauri alisema kwa upole, akavuta pua kidogo, akamtazama Mjomba kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mjomba akatia peremende nyingine mdomoni na kukaa vizuri.

Mshauri akavaa miwani. Kulikuwa na maswali ambayo lazima yajibiwe mbele ya familia, alisema, kwa sababu yakijibiwa pembeni huwa yanajibiwa kwa namna nyingine. Aliuliza kiasi gani kwa siku. Binti akajibu bila kukwepa, na kile kiasi kikamfanya Mama Soda afumbe macho. Aliuliza alificha wapi. Chupa ya chai, alisema binti, mfuko wa mashine, ndani ya sufuria ya wageni, na chupa ya siki, kwa sababu hakuna mtu anayenusa siki. Alijibu haya yote kwa sauti moja tu, tulivu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani.

"Mara ya kwanza kabisa kuonja pombe, ulikuwa na umri gani?"

Binti akakisugua kile kidole chenye kovu. Hakumtazama mama yake, na jinsi alivyojitahidi kutomtazama ndivyo Mama Soda alivyojua kwamba hakuwa amesahau. Miaka yote alitumaini kwamba amesahau. Watoto husahau, alikuwa akijiambia.

"Ishirini na mbili," binti alisema. "Siku ya harusi yangu."

"Nani alikupa?"

Fundi bomba akainua macho kumtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kidogo sana, na yeye akasema, "Mimi. Nilimmiminia mimi. Tulikuwa tunafurahi."

"Unaona sasa!" Mjomba alipiga paja. "Kwa mdomo wake mwenyewe! Dada yangu miaka yote anasema, watu wanaona ni chuki ya mama mkwe. Mtoto katoka kwenye nyumba ambayo pombe haijawahi kuvuka kizingiti!"

Kalamu ya mshauri ikaandika. Mama Soda aliisikia ikikwaruza karatasi: ishirini na mbili, harusini, mume. Alikuwa hana la kufanya ila kukaa. Hakuhitaji hata kusema uongo, maana uongo ulikuwa umeshasemwa na wengine kwa niaba yake, na yeye ilimpasa tu kupangusa macho kama alivyofundishwa.

"Basi kwa kawaida," mshauri alisema, akigeuza ukurasa, "miezi sita ya kwanza tunashauri mtu akae mbali na pale alipoanzia. Kama kwa mama ni nyumba isiyo na historia ya pombe, na mama yuko tayari kumpokea yeye na mtoto, naona hapo panafaa zaidi. Mume atakuwa anakuja kuwatembelea. Unasemaje, binti?"

Hicho ndicho Mama Soda alichokuwa akikitaka. Kilikuwa mezani, kimeandikwa kwa wino. Aliona shuka za maua. Aliona mjukuu wa miaka saba akiingia jikoni kwake asubuhi, akiuliza kama kuna kitu cha kuonja.

"Sawa," binti alisema. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi. "Kama mama anataka, sawa."

Fundi bomba alikuwa ametoa ile barua ya mtoto mfukoni na kuiweka juu ya goti, akiinyoosha mikunjo kwa kile kidole kinene chenye ukucha mweusi, tena na tena.

"Futa hiyo," alisema Mama Soda.

"Nifute nini, mama?"

"Ishirini na mbili. Futa. Andika sita."

Mshauri alivua miwani. "Sita nini?"

"Miaka sita. Alikuwa na miaka sita, na aliyempa ni mimi." Sauti ilimtoka nyembamba, haikuwa ile ya kipaza sauti. "Nilikuwa napika pombe. Mimi sinywi, kwa hiyo nilimwonjesha yeye. Kila siku. Mpaka alipofika miaka kumi na mmoja. Nilipoacha kupika aliugua, nikasema malaria. Haikuwa malaria. Nimesoma hapo nje, haikuwa malaria."

"Dada," Mjomba alimnong'oneza, "presha inakusumbua. Twende ukapate hewa."

"Kaa kimya na peremende zako! Hiyo pombe unayoificha ulianzia kwangu pia, sote tunajua."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo lile kusemwa kwa sauti, na Mjomba alionekana mdogo ghafla ndani ya lile koti.

Mama Soda alimgeukia fundi bomba. Kumwomba radhi mkwe si jambo dogo, na yeye hakuwa na mazoezi. "Mkwe wangu. Nimekutukana kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Wewe hukumharibu. Nilikukabidhi akiwa ameshaharibika, na nikakutupia wewe mzigo. Na wewe leo umekubali kusingiziwa, sijui hata kwa nini."

"Nilikuwa najua, mama," alisema fundi bomba.

"Unajua nini?"

"Hayo. Aliniambia mwaka wa kwanza wa ndoa. Alisema nisije nikakuvunjia heshima kwa watu, kwa hiyo nikanyamaza."

Miaka kumi na miwili. Kila alipomtolea maneno mlangoni, kila alipokataa kukaa kwenye kiti chake, kila alipomwambia muuza mkaa, huyu mtu alikuwa anajua na akasema tu, shikamoo mama. Mama Soda alitamani sakafu ipasuke, au watu wote watoke nje wamwache peke yake na kile kilemba cheusi. Hakuna aliyetoka.

Binti alikuwa analia sasa, bila kelele, akijipangusa kwa kiganja. "Usingesema, mama," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshakubali."

"Ulikuwa mtoto. Hukuwa na namna ya kukataa."

"Si hivyo." Alivuta pumzi. "Nilikuwa najua ikiwa tayari kabla sijaonja. Kwa harufu tu. Tangu miaka saba hivi sikuhitaji kuonja. Ningeweza kukwambia nikiwa mlangoni."

"Sasa kwa nini ulikuwa unaonja?"

"Kwa sababu ulikuwa unaacha kila kitu unanitazama. Siku nzima ulikuwa na pipa na kuni na wateja. Lakini nikiweka ulimini tu, ulikuwa unachuchumaa mbele yangu, unashika magoti yangu, unasubiri niseme. Wakati mwingine nilikuwa nachelewa kusema makusudi. Naomba nionje tena, ili usiinuke."

Mama Soda alikumbuka pipa, alikumbuka kila mteja kwa deni lake na mguu wake mbovu, lakini uso ule wa mtoto, akiwa na kidole mdomoni, aliutafuta na hakuupata. Alikuwa akiitazama midomo tu, akisubiri jibu.

Mshauri alipiga mstari juu ya yale aliyoandika, akaandika upya, pole pole, na kalamu haikukwaruza safari hii au labda hakuna aliyekuwa akisikiliza. Kisha akamuuliza binti tena, akitoka hapa angependa kwenda wapi.

"Nyumbani kwangu," alisema binti. "Kwa mume wangu."

"Sawa," akasema mshauri. "Na kufuli zitupwe."

"Nimeshazitupa," alisema fundi bomba.

Walisimama. Viti vilikokotwa, Mjomba akatangulia nje bila kuaga, na ua ulikuwa na jua kali na nguo zilizoanikwa. Mama Soda alimfuata binti yake hadi karibu na kamba, akashika ncha ya shuka lililolowa ili mikono ipate cha kufanya.

"Na mjukuu wangu?" aliuliza. "Nitamwona? Hata Jumamosi moja moja."

"Utamwona, mama. Nitamleta mwenyewe."

"Unaweza kumwacha asubuhi, ukamfuata jioni. Usihangaike kukaa."

Binti alimtazama, na macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali yangekuwa nayo.

"Nitakaa," alisema. "Nitakuwa naye mpaka tuondoke."

"Hata nikienda naye jikoni?"

"Hata jikoni, mama. Tutakwenda wote."

Mama Soda alitaka kusema kwamba kwake kuna soda tu, kila mtu anajua, ulizeni mtaa mzima. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni. Akayatazama yale macho ya mwanawe yenye manjano kidogo, ambayo yalikuwa yanamsubiri ajibu.

"Sawa," alisema. "Njooni wote."